Chungu Aliyesingiziwa

Mvua ya Machi ikikatika hapa Bariadi, jua hutoka kali papo hapo na ardhi huanza kufuka mvuke kama sufuria iliyofunuliwa. Jumamosi moja mwezi uliopita ilikuwa hivyo. Nilikuwa nimekaa barazani nachambua mchele, na binti yangu alikuwa nyuma ya nyumba anaanika mashuka. Nikamsikia ananiita.

"Mama, njoo uone dudu!"

Sauti ilikuwa ya mshangao, si ya woga, kwa hiyo sikuharakisha. Nilipofika alikuwa ameshapiga picha na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la mtaa wetu, akiuliza kama kuna anayemjua. Juu ya shuka jeupe alikuwa ametua chungu mkubwa ajabu, wa rangi ya kahawia iliyoiva, tumbo limejaa kama harage lililolowekwa, mabawa marefu yenye rangi ya moshi. Majibu yalikuwa yameanza kumiminika. Mmoja alisema ni nyigu. Mwingine akasema ni kumbikumbi aliyeshiba. Mwingine akasema ni malkia wa siafu, kimbieni. Kijana mmoja ambaye simu yake inatambua wadudu kwa picha alileta jina la Kilatini refu kama treni, na watu wakamcheka.

Nami nilikuwa nacheka. Nikavaa miwani yangu ya kusomea, nikainama. Kwanza nikatazama kiuno. Kumbikumbi hana kiuno, mwili wake umenyooka tu kama kipande cha chaki. Huyu alikuwa na kiuno chembamba kama cha mtu aliyejifunga mkanda. Kisha nikatazama miguu, na pale kwenye vinyweleo vya miguu ya nyuma nikawaona: vijichungu vya manjano, vidogo kama chembe za vumbi, vimeng'ang'ania kwa meno. Ni yeye. Zaidi ya miaka thelathini nilikuwa sijamwona, na nakuapia mate yalinijaa mdomoni.

Ndipo ikaingia sauti ya mama mmoja kwenye lile kundi. Binti yangu akaifungua tuisikilize wote.

"Msimshike huyo! Muueni, mmwagieni mafuta ya taa. Huyo ndiye aliyeua mtoto kule Ngulyati zamani. Kulikuwa na bibi mmoja mchawi, alimlisha mjukuu wake dudu hilo, mtoto akafa siku hiyo hiyo. Mama yangu alikuwepo, aliona kwa macho yake."

Binti yangu akanigeukia. "Kumbe ni sumu, mama!" Akavua ndala, akainua mkono.

Nilimdaka mkono kwa nguvu mpaka akapiga kelele. Chungu akaruka zake kuelekea kwa jirani.

"Yule mtoto alikuwa mdogo wangu," nilimwambia. "Na huyo bibi ndiye aliyenilea."

Binti yangu ana miaka ishirini na mitatu. Siku hiyo ndiyo mara ya kwanza kusikia kwamba aliwahi kuwa na mama mdogo. Hilo ni kosa langu, na nitalieleza. Lakini wewe unayenisikiliza naomba unipe nafasi nianzie mbali, kwa sababu nikianzia pale penye uchungu utadhani maisha yetu yote yalikuwa kilio, na hayakuwa.

Tulilelewa Ngulyati na bibi mzaa mama. Baba alikuwa amefariki, na mama alikuwa ameolewa tena upande wa Nkoma kwa mtu ambaye hakutaka watoto wa mwenzake. Basi tukabaki wawili kwa bibi, mimi na mdogo wangu tuliyepishana miaka minne. Nyumba ilikuwa ya udongo, imeezekwa kwa nyasi, na nyuma yake lilikuwa zizi la ng'ombe wachache. Kupita zizi kulikuwa na ngitili, lile eneo la majani ambalo familia huliacha bila kuchungia ili ng'ombe wapate cha kula kiangazi. Kwenye ukingo wa ngitili ndipo kiliposimama kichuguu.

Kichuguu kile kilikuwa kirefu kuliko mtu mzima, chekundu, na bibi alikitumia kama wenye maduka wanavyotumia stoo. Udongo wake ulisiliba sakafu yetu, ukaziba nyufa za ghala, ukafinyanga mafiga. Mvua zikianza walitoka kumbikumbi, ambao kwa Kisukuma tunawaita nswa, na kijiji kizima kilikula. Lakini kulikuwa na wakati mwingine, mara moja au mbili tu kwa mwaka, mvua ikinyesha usiku na asubuhi jua likawaka, walipotoka wale wakubwa. Bibi aliwaita Mama Mkubwa. Wengi kijijini hawakuwala. Waliwaona wakubwa mno, wagumu mno, na hawakuwajua. Bibi aliwajua.

"Huyu si mtoto wa kichuguu," alitufundisha. "Huyu ni mpangaji. Anakaa humo ndani kwa wenyewe na kuiba chakula chao. Siku ya kuhama anawabeba watu wake miguuni, kwa sababu mwanamke haanzi mji peke yake."

Halafu alitugeuzia chungu, akatuonyesha kiuno, akatuonyesha wale wadogo. Hakuturuhusu kutia kitu kikapuni kabla hatujasema ni nini na tumejuaje. Ukisema tu "ni Mama Mkubwa" alikuuliza, "Amekwambia yeye?" Ilibidi useme: kiuno, miguu, rangi, shimo alilotokea. Shuleni mwalimu alitufundisha kuhesabu kwa fimbo, lakini kutazama nilifundishwa na mwanamke asiyejua kusoma.

Alivyowakaanga sasa! Aliwanyofoa mabawa, akawamwaga kwenye kigae kilichopata moto, bila mafuta, kwa sababu wana mafuta yao. Walilia chwa-chwa-chwa, na harufu yake ilikuwa kama karanga na nyama kwa pamoja. Chumvi kidogo. Tulikula na ugali wa mtama, au asubuhi yake na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa mpaka vikawa vigumu na vitamu kama pipi. Mdogo wangu hakuwa na subira ya kigae. Alikuwa anawala wabichi, anawang'ata tumbo na kulamba vidole. Bibi alimkemea kwa kucheka tu, kwa sababu hata yeye utotoni alikuwa anafanya hivyo.

Sasa nifike kwa jirani.

Jirani yetu alikuwa mkulima mkubwa wa pamba. Shamba lake lilipakana na ngitili ya bibi, na ndiye peke yake pale kitongojini aliyekuwa na bomba la kunyunyizia dawa, la kubeba mgongoni, la rangi ya bluu, na ndiye aliyekuwa na baiskeli nzima. Hakuwa mtu mbaya. Nalisema hili kwa kuuma meno, lakini ndivyo ilivyokuwa. Aliwaazima watu bomba, aliwapa dawa iliyobaki, alikuwa na maneno mazuri kanisani. Mwaka ule alikuwa anajenga nyumba mpya, na mchwa walikuwa wamempiga vita: wanakula nguzo, wanakula fito, wanakula hata magunia. Alimwambia bibi kichuguu kile kivunjwe. Bibi akakataa. Hawakugombana, nakumbuka walicheka na kuachana vizuri.

Siku yenyewe ilikuwa ya kutokwenda shule. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Asubuhi nikiwa natoka lamboni na ndoo ya maji kichwani nilikutana na jirani njiani, bomba mgongoni, suruali imelowa hadi magotini. Alikuwa anatoka upande wa ngitili yetu. Nilimwamkia, "Mwangaluka, baba." Akaitikia vizuri, akaniuliza habari za bibi, akapita. Nilikuwa na miaka tisa. Mtu mwenye bomba mgongoni msimu wa pamba ni kama mtu mwenye jembe begani. Hakuna anayejiuliza.

Jua lilipopanda tulikwenda kichuguuni na mdogo wangu, na tukawakuta Mama Mkubwa wametoka. Walikuwa wengi. Lakini hawakuwa wanaruka. Walikuwa wanatambaa kuzunguka mashimo, wanapinduka chali, mabawa yamelowa yamegandana. Tulifurahi. Tuliona tumepata bahati, kwa sababu siku nyingine ilibidi tuwakimbize. Kulikuwa na harufu ya dawa ya pamba, ndiyo, niliisikia. Ila msimu ule harufu hiyo ilikuwa kwenye nguo zetu, kwenye mablanketi, kwenye nywele za watu waliokaa mbele yetu kanisani. Ilikuwa harufu ya Februari na Machi.

Mdogo wangu akaanza kula. Mimi nilionja mmoja, ukanijia ukali ulimini, nikamtema. Sikusema kitu. Nilifikiri nimeng'ata kichwa badala ya tumbo. Tulijaza kikapu, yeye akila na kulamba vidole vyenye udongo, na tukarudi nyumbani tunaimba.

Hata bibi hajamaliza kunyofoa mabawa, mdogo wangu alisema anasikia baridi. Jua linawaka, yeye jasho linamtiririka na anasema anasikia baridi. Kisha mate. Mate yalimtoka kama ya ndama, hayakatiki, na machozi yanatoka bila kulia. Akatapika. Misuli ya mashavu ikaanza kumchezacheza. Bibi alimbeba akatoka anapiga yowe, na jirani akaja mbio na baiskeli yake.

Alimpakia mdogo wangu mbele, amemkumbatia kwa mkono mmoja, akakanyaga baiskeli kuelekea zahanati. Mimi na bibi tulimfuata kwa miguu, tunakimbia, tunatembea, tunakimbia tena. Tulipofika, daktari alitoka mlangoni akatuuliza:

"Huyu baba anasema bibi yake kamlisha dudu. Mdudu gani?"

Bibi akamweleza. Kiuno, miguu, rangi, shimo alilotokea. Alieleza kama alivyotufundisha sisi, pumzi zikimkatika. Daktari hakuwahi kumsikia mdudu huyo. Alijaribu alichojua. Jirani alikuwa amesimama pale pale, mgongo wake ukutani, kofia mkononi. Hakuongeza neno. Kabla jua halijazama mdogo wangu alikuwa amefariki.

Nimerudia mara nyingi kichwani dakika zile. Maneno matatu tu: dawa ya pamba. Angeyasema mlangoni, angeyasema baadaye, angemnong'oneza daktari pembeni bila sisi kusikia. Sijui kama angepona, na mimi kwa kazi yangu ya uuguzi siwezi kukudanganya kwamba nina hakika. Lakini daktari angejua anapambana na nini. Mtu yule aliendesha baiskeli mwendo wote ule, kifua chake kimelowa mate ya mtoto, akajua, akaulizwa, akajibu, "Bibi yake kamlisha dudu."

Baada ya msiba wazee walikaa kikao. Bibi aliitwa akae chini mbele yao. Jirani naye aliombwa aseme alichoona, akasema, "Mimi sijui mambo ya wadudu, ila lile si kumbikumbi. Lile si la kuliwa na watu. Mama huyu peke yake ndiye anayelijua." Basi. Hakumwita mchawi. Alimwachia kila mtu ajazie mwenyewe, nao wakajazia.

Hawakumfukuza. Afadhali wangemfukuza, tungehamia kwingine. Walimtenga. Kwetu salamu si neno moja, unaijua salamu ya Kisukuma inavyokwenda, unaulizwa nyumba, watoto, ng'ombe, mvua, mpaka mguu mmoja unachoka unaegemea mwingine. Bibi alisalimia, na watu wakapita. Wanawake waliacha kuja kuomba moto kwake. Palizi ikifika, alilima mwenyewe na mimi. Nilikuwa namwona akisimama njiani mtu akija kwa mbali, anajiandaa, anafuta mikono kwenye khanga, anasema, "Mwadila!" na yule mtu anatazama majani.

Lakini hata hilo silo linaloniwasha zaidi. Mwaka wa tatu au wa nne baada ya hapo, nilikuwa nimeketi naye tunamenya karanga, akaniuliza ghafla, "Siku ile, wale mliowaleta, walikuwa na kiuno?"

"Walikuwa nacho, bibi."

"Na miguuni? Uliwaona wale wadogo miguuni?"

Sikuwa nimeangalia. Wamelowa, wamegandana, na sisi tulikuwa na furaha. Nikamwambia ukweli kwamba sikuangalia.

Aliziweka chini karanga alizokuwa ameshika. "Labda nilikosea," akasema. "Labda hakuwa yeye. Labda nilikuwa nawafundisha kitu nisichokijua."

Alianza kutilia shaka kila kitu. Uyoga alioula tangu utoto aliutupa. Mlenda wa porini akaacha kuchuma. Alikuwa ananusa majani mara tatu, anayarudisha chini. Mwanamke yule, ambaye ungemfumba macho akakwambia mti kwa kugusa gome, alikufa akiwa hajiamini hata kwenye mchicha wa shambani kwake. Wakati wa maziko yake wachimba kaburi walikuwa wanne tu, na wawili kati yao walikuwa ndugu zake waliotoka mbali, Nyalikungu.

Mimi nilisoma, nikaenda chuo cha uuguzi. Siku moja mwalimu wetu alisimama mbele akaanza kutufundisha dalili za mtu aliyekunywa au kugusa dawa za kuulia wadudu shambani. Jasho, akasema. Mate yasiyokatika. Machozi. Kutapika. Misuli kuchezacheza. Mboni za macho kuwa ndogo kama tundu la sindano. Nilikuwa naandika, na mkono wangu ukasimama. Nikamwona mtu anayetoka upande wa ngitili, bomba la bluu mgongoni, suruali imelowa hadi magotini. Nilitoka darasani bila kuomba ruhusa.

Likizo ilipofika nilikwenda Nkoma nikamwambia mama. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, mwache. Bibi yako ameshapumzika. Utafukua kaburi upate nini?" Nami nikamwacha. Nikajifanya mtu mzima mwenye busara. Nikaolewa, nikazaa, nikapewa kazi Bariadi, mwendo mfupi tu kutoka Ngulyati, na miaka yote hiyo sikumwambia mtoto wangu. Busara! Nilichokuwa nacho kilikuwa uvivu wa moyo. Na uongo haukukaa kimya kama mimi. Ulipanda gari, ukahamia mjini, ukanunua simu, ukaja kunikuta kwenye kamba yangu ya kuanikia nguo.

Jumapili yake tulikwenda Ngulyati, mimi na binti yangu. Jirani bado yu hai. Amezeeka, mguu mmoja umevimba, amekaa kwenye kiti cha kamba mbele ya ile ile nyumba aliyokuwa anaijenga. Hakunitambua mpaka nilipotaja jina la bibi. Nilikuwa nimepanga kwenda taratibu, kama tunavyoongea na wagonjwa wazee. Nikashindwa.

"Ulimwaga dawa kwenye kichuguu cha bibi," nikasema.

Hakushtuka. Hilo ndilo lililonipandisha hasira. Alinitazama kama mtu aliyekuwa akisubiri gari, na gari limefika.

"Ilikuwa imebaki kidogo kwenye bomba," alisema. "Nilitaka kuwaua mchwa. Sikujua kama mngekwenda asubuhi ile."

"Na ulipojua?"

"Niliposikia harufu ya mdomo wake, pale njiani kwenye baiskeli. Hapo nilijua."

"Daktari alikuuliza."

"Nilikuwa na watoto wanane, binti yangu. Nilisema wakinifunga, watakula nini?"

"Bibi alikuwa na wajukuu wawili," nikamwambia. "Ulimuua mmoja, na mmoja ukamwacha aangalie."

Mzee akaanza kulia. Akaniomba msamaha, akataka kushuka kwenye kiti apige magoti, na mkewe akatoka ndani mbio akidhani amezidiwa. Nilimwambia akae. Nikamwambia sikuja kupigiwa magoti, na msamaha sina, leo sina, na sijui kama nitakuwa nao kesho. Nilichotaka ni kitu kimoja. Jumamosi jumuiya ya kanisa inasali kwake. Awaambie watu, kwa mdomo wake, mwenyewe, aliyoyafanya na aliyoyanyamazia.

Nilidhani atakataa. Nilikuwa nimeshajiandaa kwa matusi. Akakubali.

Jumamosi tukarudi. Walikuwa kama watu kumi na tano, wengi wazee, wamekaa kwenye mikeka na mabenchi. Baada ya sala mzee akashika fimbo yake akasimama, akasema yote. Hakujitetea sana. Alisema kichuguu, alisema baiskeli, alisema zahanati, alisema kikao. Alipofika kwenye maneno aliyoyasema kikaoni kuhusu bibi, aliacha Kiswahili, akamalizia kwa Kisukuma. Kisha akakaa.

Nilikuwa nawatazama nyuso. Nilikuwa nasubiri mshangao. Nilikuwa nimesubiri mshangao huo miaka mingi bila kujua kwamba ninausubiri: mtu ashike mdomo, mtu aseme, "Yesu wangu!" Hakuna aliyeshtuka. Walikuwa wanatazama mikeka.

Mama mmoja mzee, aliyekuwa rafiki wa bibi kabla ya mambo yale, akasema polepole, "Tulijua."

"Mlijua nini?" nikamuuliza.

"Asubuhi ile sisi tulikuwa tunapalilia pale ng'ambo. Tulimwona na bomba lake. Harufu ilitufikia."

"Mkakaa kikaoni mkanyamaza."

"Mwanangu, pamba ilikuwa shambani na wadudu wamejaa. Bomba lilikuwa moja." Akaivuta khanga yake magotini. "Tungemsema, nani angetuazima?"

Nimefanya kazi wodini zaidi ya miaka ishirini, nimeona watu wakifa kwa kila namna, na sijawahi kusikia jambo likaniingia baridi namna ile. Nilikuwa nimekuja na hasira ya mtu mmoja. Nikaondoka na ya kijiji. Nilisimama nikawaambia kwamba bibi yangu alifia kwenye shaka kwa ajili ya bomba. Kwamba alikosa kuamini macho yake mwenyewe, na wao walikuwa na jibu lake kwenye vinywa vyao, wanapita naye lamboni, wanapita naye njiani, hawampi. Sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko inavyofaa mahali pa sala. Hakuna aliyenizuia. Yule mama mzee alikuwa anaitikia kwa kichwa kila neno, na hilo nalo lilinikera.

Kwenye lile kundi la mtaa niliandika pia. Niliandika nani alikuwa bibi yangu, mdudu yule ni nani, na kilichomuua mtoto ni kitu gani. Nikaandika na onyo kwa wenye mashamba, kwa sababu dawa za siku hizi wanazimimina vile vile, kwenye chupa za maji ya kunywa, karibu na watoto. Yule mama wa sauti akanijibu kwa kifupi: "Pole dada. Ila mimi bado siwezi kumla." Wengine wakaweka vikatuni vya kulia machozi. Baada ya nusu saa mtu akatangaza mbuzi aliyepotea, na habari ikawa mbuzi.

Kichuguu hakipo. Kilisawazishwa zamani na waliotaka udongo wa tofali, na ngitili yote sasa ni viwanja, mawe ya mipaka yamepakwa rangi nyeupe. Nyumba yetu ilidondoka, mihogo ya mtu imesimama juu ya chumba tulicholala. Pale Ngulyati niliwauliza akina mama wa rika langu kama kuna anayemjua Mama Mkubwa, na hakuna. Kwa sababu ya uongo ule, kizazi kizima kimekua kikimponda kwa kiatu.

Tukiwa njiani kurudi Jumamosi ile binti yangu aliyatazama yale mawe meupe mpaka yakaisha. Kisha akaniuliza mdogo wangu alikuwaje. Alikuwa mpole? Alikuwa mchekeshaji? Nikaanza kumjibu haraka, maana nilidhani ninayo majibu tele. Nikamwambia alikuwa na pengo mbele, alikuwa anaogopa batamzinga, alikuwa anakataa kulala bila kushika sikio langu.

"Na sauti yake?"

Nilitafuta. Nakumbuka rangi ya bomba lile. Nakumbuka kofia mkononi mwa mtu, na jinsi miguu ya mtoto ilivyoning'inia kwenye baiskeli. Maneno ya kikao ninayo, moja baada ya jingine, na sauti ya kila aliyeyasema. Sauti ya mdogo wangu sina. Nimeitafuta mpaka tumefika Bariadi, nimeitafuta juma zima jikoni na kazini, na sijaipata.